Shindano limetuvunjia barza

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni katibu wa klabu ya waandishi hapa Wete. Tulianza watu 19, tukikutana kila Jumamosi. Mwaka jana tukaandaa shindano la hadithi fupi. Kila mshiriki alitia shilingi 2,000 kwenye kopo, na mshindi achukue zote. Waamuzi walikuwa mwenyekiti wetu na walimu wawili wa skuli. Aliyeshinda ni mpwa wa mwenyekiti. Pale pale hakuna aliyesema neno, watu walipiga makofi, lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa 7. Sasa wapo wanaotaka tufute mashindano tubaki na kuandika pamoja, na wapo wanaosema bila ya shindano hakuna atakayekuja. Na hiyo kuandika pamoja kwenyewe, tukikaa tunaishia kupiga soga mpaka adhana. Tufanyeje? — Katibu, Wete

Jibu: Waalaykum salaam, Bi Katibu.

Umeniuliza mambo mawili, lakini macho yangu yamegota kwenye zile shilingi 2,000. Kila mmoja atie zake, kisha mmoja aondoke na kopo: hilo kwa watu wetu lina jina, na jina lake si tuzo. Masheikh wengi watakwambia ni kamari, kwa kuwa kila mtu kaweka chake akitaraji kuchukua cha mwenzake. Mimi sitoi fatwa, nenda kamuulize sheikh wa hapo mtaani kwenu. Ninalolijua mimi ni la barzani. Mtu akishindwa kwenye shindano la kawaida anarudi nyumbani na huzuni yake. Akishindwa kwenye lenu anarudi na huzuni, nauli imekwenda, na anamjua aliyeichukua. Hata angeshinda mtu asiye na ukoo na yeyote hapo Wete, manung'uniko yasingekosekana. Zawadi itoke nje ya mifuko ya washindani, au isiwepo. Ada za wanachama ziende kwenye chai, karatasi na fotokopi.

Sasa huyo mpwa. Inawezekana kabisa hadithi yake ndiyo iliyokuwa bora. Kinachoniuma ni kuwa hakuna atakayejua, na yeye mwenyewe wa kwanza. Amepewa ushindi asioweza kuufurahia hata akiwa peke yake chumbani.

Nasema hivi na mimi nina doa langu. Niliwahi kuwa mwamuzi wa shindano la klabu moja huku Unguja. Zilikuja hadithi 31, nyingi zimeandikwa kwa mkono. Nilipofika ya saba nikaujua mwandiko: ule mkia wa herufi g uliopinda kama ndoana nilikuwa nimeutazama darasani miaka miwili. Nikajiambia nitakuwa muadilifu. Na kweli sikumpendelea, nilimuonea. Nilikuwa na khofu kubwa ya kuonekana nimembeba mwanafunzi wangu hata nikaiweka hadithi yake nafasi ya nne. Miezi mingi baadaye niliikuta kwenye mafaili yangu, nikaisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na haikuwa na mshindani. Kumbe jina likijulikana huharibu kuwili: huwabeba wengine na kuwazamisha wengine, na mwamuzi anadhani yuko katikati.

Kwa hiyo kosa lenu lina dawa, na nitaifikia. Lakini kwanza niseme ninavyoona mimi: mlilitwika shindano mzigo usio wake. Mlitaka liwafunze watu kuandika, liwavute wanachama, liwape hamu, litafute fedha. Shindano ni mizani tu. Linapima pishi iliyoletwa. Karafuu zenyewe huchumwa kwengine.

Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa 1960. Watu husimulia kana kwamba shindano lile ndilo lililomzaa mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla. Hasha. Alizaliwa Makunduchi 1918, akawa mkaguzi wa afya kwa miaka kumi, kisha akaingia kwenye uhariri wa magazeti. Mpaka anapeleka hadithi ile alikwishakata na kushona sentensi za watu kwa miaka. Ukipenda mfano wa karibu na kwenu, Mohammed Khelef Ghassany, mtoto wa Pemba, alipopata tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi 2015 kwa diwani yake ya N'na Kwetu, alikuwa mwandishi wa habari ambaye kazi yake ni maneno kutwa kucha. Tuzo ziliwakuta watu hawa wako kazini.

Basi niruhusu nikae zaidi kwenye Jumamosi zenu, kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

Mnaishia kwenye soga kwa kuwa mmekaa kibarza. Mtu anafika, anapewa chai, anaulizwa khabari za nyumbani, na baada ya hapo kumwambia "haya andika" ni kama kumtoa mgeni kwenye sinia. Chai iwe mwisho. Hilo peke yake litakurudishieni nusu ya muda. Anzeni saa kumi, watu wakishatoka kuswali Alasiri, na mmalize kabla ya Magharibi. Adhana ndiyo kengele yenu. Hakuna mwenyekiti anayeweza kubishana nayo, wala mwanachama wa kusema "dakika mbili tu namalizia". Ramadhani ikifika hamishieni baada ya tarawehe au pumzikeni kabisa. Na msimu wa karafuu ukishika moto msihesabu vichwa, nusu ya watu wako juu ya mikarafuu au wanachambua usiku. Huko si kuikimbia klabu.

Mtu akifika akute kitu juu ya mkeka. Kitu, si mada. Mada huleta insha, na insha tumezibeba sote kutoka skuli: "Ilikuwa ni asubuhi tulivu yenye baridi kali, ndege wakiimba nyimbo nzuri matawini." Nimesoma mwanzo huu, kwa mwandiko tofauti, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mpaka leo sijaionja hiyo baridi kali ya Pemba. Ukimwekea mtu kandambili ya mguu mmoja, tiketi ya boti iliyokwishachanwa, au mbuzi ya nazi iliyong'oka meno, hana pa kuiingiza hiyo asubuhi tulivu. Itambidi aanze na kandambili.

Kisha kuandika, dakika 25, kimya. Simu zote kwenye pakacha moja mlangoni. Wote waandike, na hapa sikubali udhuru: mwenyekiti aandike, katibu aandike, mgeni aliyekuja kutazama naye apewe kalamu. Asiyeandika, hata akinyamaza, anageuka mwamuzi, na watu wanaandika wakimtazama kwa pembe ya jicho. Mwenye kumaliza mapema asitoke nje, aanze upya aya ya kwanza.

Kusoma ndiko kunakoharibika zaidi. Tuseme mmefika kumi na mbili: wakisoma wote, kila mmoja dakika tano, saa imekwisha na hakuna aliyesikilizwa. Pigeni kura ya majina, wasome wanne. Waliobaki wana Jumamosi nyengine. Anayesoma asome bila utangulizi. Ile "samahanini, hii bado sijaikamilisha, na leo kichwa kinaniuma" ifungiwe mlango. Asome mara mbili. Mara ya kwanza watu wanasikia sauti yake tu, ya pili ndiyo wanaisikia kazi.

Halafu wanaosikiliza. Sisi watu wa visiwani tuna adabu, na adabu hii inaua hadithi nyingi. Mtu akisoma tunasema "mashaallah, nzuri sana", yeye anasema "ahsanteni", na kazi inabaki na kidonda chake. Na upande wa pili yuko mwalimu aliyestaafu ambaye hajaacha kusahihisha, anayemkatiza kijana kwa sababu kaweka kituo pasipo. Wote wawili wazuieni kwa sharti moja: kila anayesema aanze kwa kutaja maneno aliyoyasikia, kama yalivyo. "Mimi nimebaki na ile kandambili iliyokuwa imeshonwa kwa uzi wa samaki." Akishataja, aulize swali moja pale alipopotea. Swali, asitoe ushauri. Tahajia ataisahihisha pembeni kwa kalamu.

Na mpangilio wa wasemaji: wadogo waanze, wakubwa wafuate, mwenyekiti awe wa mwisho kabisa. Mzee akishatamka kuwa hadithi haina funzo, kijana wa miaka 20 hawezi kusema imemliza. Ni aibu kwetu kumpinga mtu mzima hadharani, na sioni haja ya kuipiga vita aibu hiyo. Ipange foleni tu.

Nikuonyeshe ninavyokusudia. Kwenye barza moja tuliweka kanga iliyofungwa fundo kwenye pembe. Mwalimu mmoja msichana akaandika: "Mama alikuwa na huzuni kubwa sana kwa sababu ya deni. Alihisi dunia imemwelemea." Akasoma mara mbili. Kijana mmoja, fundi baiskeli, mwenye kusema kwa nadra, akauliza: "Hilo deni limeandikwa wapi?" Yule mwalimu akafikiri. Limeandikwa kwenye kikaratasi cha dukani. "Na kikaratasi kiko wapi?" Watu wakacheka, kwa sababu fundo liko mbele yao. Jumamosi ya pili akaja na hii: "Mama alilifungua fundo, akakisoma kikaratasi cha dukani, akakifunga tena. Alipokwisha kupakua wali akalifungua." Basi. Huzuni imeondoka kama neno na imebaki mkononi mwa mama. Hakuna aliyemfundisha kanuni yoyote. Aliulizwa maswali mawili na mtu aliyetaka kujua kikaratasi kiko wapi.

Sasa kuandika pamoja kwa maana ya kutunga kitu kimoja. Klabu nyingi hucheza hadithi ya kupokezana: huyu aya, yule aya. Kwa kuchangamsha wageni inafaa. Kwa kupata hadithi haifai, kwa kuwa wa nne atamuua shujaa na wa tano atasema ilikuwa ndoto. Nimeshuhudia shujaa mmoja akifufuliwa mara tatu kabla ya Magharibi. Tuna chombo bora kuliko hicho na ni chetu: kujibizana kwa shairi. Kamange na Sarahani, washairi wa hapo hapo Pemba, tungo zao za kujibizana bado zinasomwa mpaka leo. Uzuri wa kujibizana ni kuwa mwenzako anakufunga kamba: vina vyake ndivyo vyako, mizani yake ndiyo yako, na swali lake huwezi kulikimbia.

Huu ni ubeti wa mwanachama mmoja, mtu wa shamba, aliyetupa fumbo barzani:

Nimekuja nauliza, wenzangu nifumbueni,
Jamvi zima nilijaza, karafuu uwanjani,
Siku nne sikuuza, wala sikwenda dukani,
Mwizi gani kapunguza, pishi zangu mizanini?

Hesabu: nane kwa nane kila mshororo, kina cha kati -za, cha mwisho -ni. Tukapeana dakika 25. Haya ndiyo majibu yaliyopendeza wengi:

Jawabu nakueleza, sikia ulo shakani,
Mwizi hakungoja giza, wala si wako jirani,
Mchana ameangaza, kakutazama usoni,
Jua ndilo lapunguza, maji ya karafuuni.

Mshororo wa kwanza ni wa kupasha koo, kila mshairi anao, tuuache. Wa tatu ndio uliowafanya watu wayapige magoti yao kwa viganja: mwizi anakutazama usoni mchana kweupe na wewe umempa karafuu mwenyewe. Anajibu fumbo kwa fumbo. Wa nne ndipo bibi mmoja, aliyekuwa akisikiliza huku anasuka ukili, akasema: "Kapunguza ni lake yule, nawe umelichukua lapunguza. Umeazima sufuria na wali wake." Kweli, alitakiwa afuate kina, yeye akachukua neno zima. Hakujitetea. Wiki ya pili akarudi na "Jua ndilo limekaza, maji yakaisha ndani". Mimi binafsi naona bado anafumbua mapema, angeliacha jua lisitajwe kabisa, lakini nilikuwa wa mwisho kusema na adhana ikaniwahi.

Dakika 25 hizo zilitupa beti kumi na moja, na mbili au tatu zilikuwa na uhai. Hadithi ya kupokezana haijawahi kunipa hivyo.

Turudi kwenye shindano. Nyie msilifute. Wanaosema watu huvutwa na ushindani wana haki nusu, maana hata taarab yetu imekulia kwenye vikundi kuoneana wivu. Lakini lije mwisho, baada ya miezi ya Jumamosi, na liwe na siku yake. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, watu wanachapana kwa mabua ya migomba na kupeana maneno, kisha wanakula pamoja. Kila mmoja anajua ugomvi ule una saa yake ya kwisha. Lenu lilikwisha bila ya kumalizika. Chagueni siku ya kutangaza matokeo. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO 2021, inafaa, na mwisho wa kupokea kazi uwe wiki sita nyuma yake ili waamuzi wasome bila ya kukimbizwa.

Dawa ya mpwa ni bahasha. Kazi zote zichapwe, herufi za aina moja na ukubwa mmoja, pasiwe na mwandiko wa mtu. Mshiriki analeta nakala isiyo na jina, pamoja na bahasha ndogo iliyofungwa yenye jina lake ndani. Mtu mmoja tu, mtunza daftari, anaandika namba ile ile juu ya nakala na juu ya bahasha. Mtunza daftari hashindani na hahukumu. Bahasha zinafunguliwa siku ya matokeo, mbele ya watu, kwa mkasi, mshindi akishatajwa kwa namba. Ile sauti ya kukata bahasha, Bi Katibu, ina thamani kuliko katiba nzima ya klabu.

Waamuzi watatu, na kwa klabu ya watu 19 katika mji mdogo kama Wete nisingechukua hata mmoja wa hapo. Mmoja atoke Chake Chake au Mkoani, mmoja Unguja, mtu wa Kiswahili wa chuo kikuu cha SUZA au wa BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, akikubali ni kheri, na wa tatu awe msomaji tu, asiye mwandishi wala mwalimu, mwenye kupenda hadithi. Huyu wa tatu ndiye atakayekuokoeni. Kazi zinatumwa kwa simu, hakuna nauli. Mwenyekiti akishatoka kwenye uamuzi, mpwa wake na mwanawe na hata mkewe washindane wapendavyo.

Na yale makaratasi ya alama, sarufi 20, maudhui 20, muundo 20, yaacheni skuli. Ukihesabu hivyo anashinda asiyekosea, na asiyekosea mara nyingi ni yule asiyejaribu kitu. Kila mwamuzi asome zote mara moja bila ya kalamu, asizirudie siku hiyo. Siku ya pili achague tano na azipange: ya kwanza pointi 5, ya tano pointi 1. Kisha jumlisheni. Tuseme hadithi namba 4 imewekwa ya kwanza na waamuzi wawili, na wa tatu hakuitia kabisa kwenye tano zake: ina 10. Namba 9 imewekwa ya pili na wote watatu: ina 12. Kwa hesabu imeshinda namba 9. Hapo mimi husema tusimame kwanza tuzungumze. Hadithi iliyowashika wawili hivyo na kumuudhi mmoja imefanya jambo, na yule wa tatu aeleze kilichomuudhi. Pengine wataibakisha namba 9, pengine watageuza. Lakini wasiiache hesabu iamue wakati wao wapo.

Kila mshiriki, hata wa mwisho, apate sentensi mbili za waamuzi juu ya kazi yake. Mbili tu: kilichofanya kazi, na pale msomaji alipotoka nje. Mtu aliyeshindwa akapewa sentensi mbili za kweli hurudi Jumamosi. Wale 12 waliowatoroka walipewa makofi ya kumpigia mwengine.

Utaniuliza juu ya akili mnemba, maana siku hizi kila mwenye simu anaweza kuiamuru imwandikie hadithi yenye asubuhi tulivu na ndege. Msinunue programu za kuwinda wezi, zinawasingizia wasiohusika. Wekeni sharti kuwa kazi ya shindano iwe imeanzia kwenye moja ya Jumamosi zenu, na mshiriki abaki na ukurasa wake wa kwanza wa mkono, wenye mikwaruzo. Akiombwa auonyeshe. Hii pia inamaanisha asiyehudhuria hashindani, na hapo ndipo shindano linapowaleta watu barzani kwa njia ya halali.

Zawadi, kama hakuna mfadhili, iwe kusikika. Micheweni kuna redio jamii. Waombeni dakika kumi za kusoma hadithi tatu bora kwa sauti za walioziandika. Nimemuona mtu mzima akishika redio kwa mikono miwili kusikiliza aya yake mwenyewe. Kwenye masharti yenu andikeni wazi kuwa haki ya kazi inabaki kwa mwandishi na klabu inaomba ruhusa ya kuisoma au kuichapa mara moja tu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, na COSOZA ndiyo ofisi ya kuuliza mkikwama. Mashairi ya kujibizana yana wenyewe wawili, yaandikwe majina yote mawili.

Mkishakomaa kuna mashindano makubwa ya nje, kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hutolewa 13 Aprili. Hayo yapelekeni kwa makundi ya watatu watatu, kila mmoja akiwa msomaji wa wenzake kabla ya kutuma. Hilo litakuwa baadaye.

Kwa sasa una watu 7, na wanakutosha. Kura ya majina inakwenda vizuri zaidi kwa saba. Kamwite na yule mpwa. Usimtume mjomba wake, nenda mwenyewe, umwambie aje aisome ile hadithi mara mbili kama msomaji mwengine yeyote, nanyi mseme mlichobaki nacho. Pengine mtajua Jumamosi hiyo hiyo kama ilistahiki.

Na kwa wale wenye kiu ya ushindani, wapeni kidogo kila wiki. Kabla ya chai kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu kile kitu cha juu ya mkeka, kwenye kipande cha karatasi, bila jina, aikunje. Zichanganywe, mtoto wa jirani azisome, watu wainue mikono. Mwenye sentensi iliyoshinda ajitokeze akitaka, na kikombe cha kwanza ni chake. Vipande hivyo vitahitaji chombo cha kutilia. Lile kopo bado mnalo?